Wakisema «settlement», muulize: ni ipi?

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yaliyochapwa kwa ajili ya familia zilizohama vita na viongozi wa vijiji

Tunaendelea na mazungumzo yetu juu ya amani. Leo tutazungumza juu ya neno moja tu la Kiingereza. Neno hilo ni «settlement».

Mtu atauliza: Sisi Wakongomani tunasema Kiswahili, na wakubwa wetu wanaandika Kifaransa. Kiingereza kinatuhusu nini? Kinatuhusu. Mapatano mengi juu ya nchi yetu yametiwa sahihi katika miji ya nje ambamo Kiingereza ni lugha ya mezani: Lusaka, Pretoria, Nairobi, Washington. Ndugu zetu waliokimbilia Uganda, wakipiga simu, wanatuambia: «Tuko katika settlement.» Shirika la misaada linaita mkutano, mgeni anatamka neno hilo mara tano, na mtafsiri anachagua upesi neno moja la Kiswahili. Sisi tunarudi nyumbani na neno alilolichagua yeye.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Mmoja amesikia «mapatano». Mwingine amesikia «malipo». Wa tatu amesikia «makao». Wa nne amesikia «kupelekwa Marekani». Wote wanne wamepiga makofi. Kisha miezi mitatu wataitana waongo, na kumbe kila mmoja anasema kweli kufuatana na neno alilolisikia. Kwa hiyo tulifungue neno hili, kama mtu anavyofungua mzigo kabla ya kuubeba, ili ajue ndani mna nini.

Neno lenyewe linatoka wapi?

Katika Kiingereza cha zamani kulikuwa neno «setl», maana yake kiti, mahali pa kukaa. Hata leo Waingereza wanaita «settle» benchi refu la ubao lenye mgongo. Kutoka kiti, neno likaenda kwenye kukaa, kukalisha, kutulia. Kulikuwa pia neno jingine la zamani, karibu nalo kwa sauti, lenye maana ya kupatanisha watu waliogombana. Wachunguzi wa lugha wanaona ya kwamba maneno hayo mawili yalichanganyika vinywani mwa watu. Ndiyo sababu leo neno moja linabeba kiti na upatanisho pamoja.

Jambo hilo lisiwashangaze. Kiswahili chetu kimefanya vilevile. Kutoka «kukaa» tunapata «makao», mahali mtu anapoishi, na tunapata «kikao», mahali wazee wanapokata maneno. Neno «baraza» kwenye pwani, Zanzibar na Lamu, ni kwanza benchi la mawe mbele ya nyumba ambapo watu wanakaa na kuzungumza. Kutoka benchi likawa mkutano, na kutoka mkutano likawa mamlaka: Baraza la Usalama, baraza la wazee. Katika Kivu ya Kaskazini, mwishoni mwa miaka ya 1990, kulikuwa «Barza Intercommunautaire», ambamo wakubwa wa makabila walikaa pamoja kuzungumzia magomvi yao. Wahenga wa Kiingereza na wahenga wetu waliona jambo moja: watu wakisimama wanagombana, wakikaa wanaweza kusikilizana.

Lakini sisi tumegawanya maneno. Kikao ni kikao, makao ni makao, malipo ni malipo. Kiingereza kimeyaacha yote katika kikapu kimoja. Tuyatoe moja moja.

Maana ya kwanza: mapatano ao hukumu

Sheria kubwa ya Umoja wa Mataifa, iliyotiwa sahihi mwaka 1945, ina sura ya 6 yenye neno hili katika kichwa chake: kumaliza magomvi kwa njia ya amani. Pale kunatajwa njia nyingi: kuzungumza wenyewe kwa wenyewe, kuchunguza mambo, kuweka msuluhishi, kupatanisha, kuweka mwamuzi, kwenda mbele ya hakimu. Njia hizo zote mwisho wake unaitwa «settlement».

Angalieni vizuri. Msuluhishi anawasaidia watu wawili wapatane wenyewe. Hakimu anakata, na mmoja anaweza kushindwa. Kwa Kiswahili hatuwezi kuchanganya «wamepatana» na «wamekatiwa maneno». Kwa Kiingereza mtu anaweza kusema kwa yote mawili ya kwamba ugomvi umekuwa «settled». Basi mukiambiwa ya kwamba mambo ya shamba fulani yamemalizwa, swali la kwanza ni hili: nani ameyamaliza? Ni wenye shamba waliokubali, ao ni mkubwa aliyeamuru?

Tena kuna kitu kingine. Wanasiasa wanapenda kusema «political settlement». Hapo wanasema namna wenye nguvu walivyokubaliana kugawana utawala. Mapatano ya Lusaka ya mwezi wa 7 mwaka 1999 yalikuwa kwanza ya kusimamisha mapigano. Mapatano ya Pretoria ya mwezi wa 12 mwaka 2002 yalikuwa ya kugawana serikali: nani atakuwa raisi, nani makamu, nani waziri. Yalikuja mengine, Goma mwaka 2008 na mwaka 2009, Nairobi mwaka 2013, Washington mwezi wa 6 mwaka 2025. Kila mara redio zilitangaza, na kila mara mama aliye chini ya turubai aliuliza: «Basi shamba langu?» Hakukosea kuuliza. Lakini neno alilolisikia lilikuwa linasema juu ya viti vya wakubwa. Shamba lake lilihitaji kikao kingine, pale kijijini, pamoja na mtu anayelilima leo.

Viongozi, hili ni lenu. Musiwaambie watu «mambo yamemalizwa» mukimaanisha ya ngazi ya juu. Semeni wazi: «Wakubwa wamepatana kusimamisha vita. Mambo ya mashamba hatujayaanza.» Watu watahuzunika siku hiyo, lakini hawatarudi vijijini wakidhani njia imekwisha kusafishwa.

Maana ya pili: malipo

Mwingereza akimaliza kula katika hoteli, anafanya «settle» ya deni lake: analipa. Mtu aliyeshitakiwa naye anaweza kutoa feza ili kesi isiendelee, na feza hiyo inaitwa «settlement». Mara nyingi karatasi ya namna hiyo ina maneno mawili yaliyofichwa: ya kwamba aliyelipa hakubali kosa lolote, na ya kwamba aliyelipwa hatarudi tena mbele ya hakimu.

Kwetu sisi jambo hilo ni geni. Katika desturi zetu nyingi, ng'ombe ao mbuzi ao pombe havitembei peke yake. Vinafuatana na kinywa: mkosaji anasema mbele ya watu, «Nilikosa.» Malipo bila neno hilo ni ununuzi. Mtu aliyepokea franka bila kusikia kosa likitajwa atabaki na donda, hata kama ameweka kidole kwenye karatasi. Kwa hiyo kabla ya kutia kidole, muulize: feza hii ni ya kurudisha kilichoharibika, ao ni ya kufunga kinywa changu? Na baada ya kuipokea, ninaweza bado kwenda kwa hakimu, hapana?

Na kuna makosa ambayo malipo hayawezi kuyazima. Sheria za Kongo za mwezi wa 7 mwaka 2006 juu ya ubakaji hazikubali kesi ya namna hiyo imalizwe kwa kulipa faini. Mbuzi aliyepewa baba wa msichana hakumaliza kesi ya msichana. Kiongozi anayekaa katikati ya «arangement» kama hiyo na kuiita amani, anamsaidia mkosaji kukimbia.

Katika Kifaransa neno linalofanana ni «règlement». Nalo lina mzigo wake. «Règlement» ni kumaliza ugomvi, ni kulipa, na ni zile amri zinazobandikwa kwenye ukuta wa shule. Lakini munajua pia «règlement de comptes», na Kiingereza kinasema vilevile: kumaliza hesabu na mtu, maana yake kulipiza kisasi. Fikirini: neno ambalo mwanadiplomasia analitumia kwa amani, kijana mwenye silaha anaweza kulitumia akimaanisha damu. Mkisikia mtu anasema, «Tukirudi, tutamaliza mambo na wale», musipite. Kaeni naye. Muulize: «Kumaliza kwa namna gani, mwanangu?» Swali hilo likiulizwa mapema linaweza kuzuia mengi.

Maana ya tatu: makao

Sasa tunafika kwenye neno ambalo ndugu zetu walio Uganda wanalitamka kila siku. Nakivale, Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja: mahali hapo panaitwa «refugee settlement». Rwamwanja ilifunguliwa upya mwaka 2012, wakati Wakongomani wengi walipovuka mpaka kwa sababu ya vita vya Kivu ya Kaskazini. Neno «kambi» halitumiki na serikali ya Uganda kwa mahali hapo, na kuna sababu. Katika kambi, mtu anangojea chakula. Katika «settlement», familia inapewa kipande cha ardhi cha kujengea na kulima, na sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea nchini.

Lakini kukaa si kumiliki. Kanuni za Uganda za mwaka 2010 zinasema ya kwamba mkimbizi anaweza kutumia ardhi ile, na hawezi kuiuza wala kuipangisha. Wenyeji wa Bushi wataelewa upesi kwa maneno yao: hiyo si «kalinzi», ambayo mtu alimtolea mwami ng'ombe akapata ardhi ya kuwaachia watoto. Inafanana zaidi na «bwasa», ruhusa ya kulima kwa muda. Tunayasema haya kwa sababu kuna familia zinazouza shamba la nyumbani, Masisi ao Rutshuru ao Kalehe, zikidhani zimekwisha kupata jingine ng'ambo. Kile kipande cha ng'ambo hakitaandikwa kwa jina la watoto wenu. Musiuze cha kudumu kwa sababu ya cha muda.

Tanzania inatupa mfano mwingine. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliwekwa Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Kwa Kiswahili cha Tanzania mahali hapo paliitwa «makazi». Walilima, wakazaa, wakazeeka pale. Mwishoni serikali ya Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000, na makaratasi yao yakatolewa kuanzia mwaka 2014. Miaka zaidi ya 40 ilipita kati ya kukaa na kuwa raia. Makao yanaweza kuwa nyumbani, lakini siku ile neno linapotamkwa, bado si nyumbani. Kinachobadilisha ni sheria, na sheria inaandikwa kwa maneno mengine.

Maana ya nne: walowezi

Kutoka makao tunafika mahali pagumu. Kule Kenya, wazungu waliochukua ardhi nzuri ya milimani waliitwa «settlers», na Waswahili wakalichukua neno wakasema «setla». Setla ni mtu aliyekuja kukaa juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe. Tangu mwaka 1962, karibu na uhuru, mashamba ya masetla yakaanza kugawiwa Waafrika, na mpango huo pia ukaitwa «settlement». Mzee Mkenya aliishi na neno moja kwa mambo mawili: kunyang'anywa ardhi na kurudishiwa ardhi.

Na kwetu? Comité National du Kivu, iliyoanzishwa mwaka 1928, ilipewa na Wabelgiji uwezo wa kugawa ardhi ya Kivu, na wakoloni wakapata mashamba makubwa. Tena toka mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji ulihamisha familia nyingi kutoka Rwanda na kuziweka Gishari na pande nyingine za Masisi. Katika vitabu vya ofisi, hiyo ilikuwa kazi ya kukalisha watu. Kwa mwenyeji ilikuwa kupungukiwa ardhi ya babu zake. Kwa aliyeletwa ilikuwa kupewa mahali pa kuishi. Watoto na wajukuu wa wote wawili wamezaliwa pale pale, na kila mmoja anasimulia nusu yake ya neno.

Hatusemi haya ili kuchokoza donda. Tunasema kwa sababu mpango wowote wa kukalisha watu mahali fulani unapokuja, hata wa nia njema, kuna mtu anayesikia «makao» na jirani yake anayesikia «kunyang'anywa». Kiongozi mwenye hekima hatangojea wagombane. Atauliza kabla ya nguzo ya kwanza kusimama: ardhi hii ni ya nani leo, nani analisha ng'ombe hapa, nani alikimbia hapa, na wote hao wameitwa kwenye kikao?

Maana ya tano: kukalishwa tena

Ongezeni herufi mbili mbele na mutapata «resettlement», kukaa upya mahali pengine. Neno hili limewala watu wengi feza, na sababu yake ni kwamba lina maana mbili zilizo mbali sana.

Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulitangaza kanuni juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao. Kanuni ya 28 inasema ya kwamba watu hao waweze kurudi kwao kwa kupenda kwao, salama na kwa heshima, ao kukaa upya katika sehemu nyingine ya nchi, vilevile kwa kupenda kwao. Hapo «resettle» ni ndani ya nchi: kutoka Masisi kwenda Lubero, kwa mfano.

Lakini HCR ikitumia neno hilo kwa mkimbizi aliyevuka mpaka, ni jambo jingine: mkimbizi aliye Uganda, Burundi ao Tanzania anachaguliwa kwenda kuishi katika nchi ya tatu, kama vile Canada. Ni wachache sana, hata mmoja kwa mia ya wakimbizi hawafiki kwa mwaka. Nchi inayopokea ndiyo inayoamua, na inaweza kufunga mlango siku yoyote, kama Marekani ilivyosimamisha mpango wake mwezi wa kwanza mwaka 2025. Tena mtu ambaye hajavuka mpaka wa nchi yake, aliye katika kambi ya Kongo, kwa kawaida hamo katika njia hiyo.

Kwa hiyo mtu akija kambini na daftari, akisema, «Nipe dola ishirini, nitakuandika kwa resettlement», mujue anauza hewa. Kazi za HCR hazilipiwi. Wala mkuu wa kambi asiseme «mumeandikwa kwa resettlement» wakati ni orodha ya kuhamishwa kwenye mahali pengine palepale mkoani. Mtu aliyetazamia ndege, akaletewa lori, hatamwamini tena kiongozi wake hata siku atakapomwambia kweli.

Mapatano ya Kampala ya mwaka 2009, ambayo nchi za Afrika zilifanya juu ya watu waliohama ndani ya nchi, yaliandika kwa uwazi zaidi. Yanataja njia tatu: kurudi, kuingia katika maisha ya mahali mulipo, ao kuhamia mahali pengine. Tena yanasema ya kwamba mtu achague kwa uhuru, akiwa amepewa habari za kweli. Kumbukeni maneno hayo, «kwa uhuru» na «habari za kweli». Mwezi wa 2 mwaka 2025 watu wa makambi ya kandokando ya Goma waliambiwa waondoke kwa muda wa siku chache. Wengi walikunja turubai bila kujua nyumba zao ziko namna gani. Kuondoka kwa namna hiyo hakuwezi kuitwa kurudi kwa hiari, neno lolote litakaloandikwa katika ripoti.

Maana ya sita: kutulia na kukubali kidogo

Zimebaki mbili ndogo. Maji ya mto yakitekwa yana matope. Mama anayaacha katika bidoni mpaka matope yashuke chini. Hiyo nayo ni «settle». Juu maji yanaonekana mazuri, lakini ukitikisa bidoni matope yanapanda tena. Vijiji vingi viko hivyo baada ya vita: watu wanasalimiana sokoni, watoto wanasoma pamoja, na ugomvi wa shamba umelala chini. Mgeni akipita anaandika ya kwamba mambo yametulia. Mwenyeji anajua kinacholala chini, naye ndiye anayepaswa kusema, wakati bado maji yametulia, si siku ya kutikiswa.

Na Kiingereza kinasema «to settle for» kwa mtu anayekubali pungufu kwa sababu amechoka. Mjane aliyekaa miaka mitatu kambini anaambiwa: «Chukua nusu ya shamba, utoe maneno.» Anachukua. Imeandikwa ya kwamba amepatana. Je, alipatana ao alichoka? Wazee wanaoketi kusuluhisha wajiulize hivyo bila haya. Mapatano ya mtu aliyechoka yanadumu mpaka siku atakapopata nguvu, ao mpaka mwanawe atakapokuwa mkubwa.

Basi tufanye nini?

Hatuwezi kuwaamuru Waingereza wabadili lugha yao. Tunaweza kubadili namna tunavyosikiliza. Neno kubwa likija, mulivunje kwa maswali madogo: nani, anafanya nini, wapi, toka lini, kwa gharama ya nani. Tuseme karatasi imekuja yenye maneno haya: «Settlement ya familia 60 itafanyika.» Hiyo haiwezi kupokelewa hivyo. Mkuu wa kijiji aombe iandikwe, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali: «Familia 60 zitajenga upande huu wa mto, juu ya ardhi iliyotolewa na fulani, kwa miaka mitano. Hawawezi kuiuza. Wenyeji watabaki na njia ya ng'ombe na chemchemi. Shauri likitokea litapelekwa kwa kikao hiki.» Maneno ni mengi, lakini yanaweza kuulizwa na kujibiwa.

Mtafsiri naye tumsaidie. Asione haya kusimamisha mgeni na kumwuliza: «Bwana, unasema kupatana, kulipa, ao kukaa?» Mgeni mwenye nia njema atafurahi. Kiongozi amtangulie mtafsiri kwa kusema mbele ya wote ya kwamba ana ruhusa ya kuuliza.

Kisha karatasi isomwe kwa sauti mbele ya wanawake na vijana, na mtu mmoja aliyekaa nyuma aombwe kurudia kwa maneno yake mwenyewe kile alichokisikia. Akirudia tofauti na ilivyoandikwa, musitie sahihi siku hiyo. Rudini kwenye benchi. Kukaa siku mbili zaidi kunachosha, lakini kuhama mara ya pili kunachosha zaidi, na munakujua kuliko sisi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chenu ao kambi yenu, ni neno gani la mapatano ambalo watu wamelisikia kwa namna mbili? Ugomvi gani ulitoka hapo?

2. Ugomvi wa mwisho wa shamba mulioushuhudia, watu walipatana ao walikatiwa maneno? Munajua kwa alama gani?

3. Kama mutaambiwa kesho muhame ao murudi, ni maswali gani matano mutakayouliza kabla ya kujibu? Myaandike, na mumpe mtu mmoja ayatunze.

Anayejua kusoma amsomee jirani asiyejua.